Mbwa Wawili Wekundu na Mzee Asiyekaa Chini

Niliacha sahani ya wali na samaki mbasa mezani, nikapanda pikipiki ya mtu ambaye sikumuuliza hata jina, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa Lugano amerudi kutoka Tukuyu na mbwa wawili wa aina ambayo sijawahi kuiona. Miaka thelathini na mitatu nimekuwa bwana mifugo wa wilaya hii ya Kyela. Nimechanja mbwa wa Busale, wa Mwaya, na wale wa Katumba Songwe wanaovuka mto asubuhi kwenda kula Malawi na kurudi jioni bila kuulizwa pasi. Nilidhani nimewamaliza mbwa wote. Mke wangu aliniuliza ni mstaafu gani anayekimbilia mbwa mdomo ukiwa umejaa, nami nikamjibu nikiwa nimeshafika barabarani.

Nawaandikia ninyi vijana mnaonitumia picha kwenye simu. Mnaniuliza, "Babu, huyu na huyu, nichukue yupi?" Picha zenyewe ni za mbwa aliyetoa ulimi, nyuma yake ukuta. Sina la kuwajibu kwa picha hizo. Nitawaeleza yaliyotokea nyumbani kwa Lugano masika yaliyopita, maana pale nilipata furaha kubwa kuliko nyingi za kazini, na pale pale nikarudia kosa ambalo nilidhani nililiacha ujanani.

Lugano ni mfanyabiashara wa mchele. Mchana kutwa yuko njiani kati ya Kasumulu, Tukuyu na Mbeya. Nyumbani Mwaya anabaki mkewe, Bupe, ambaye anasimamia kakao na mpunga, na baba yake Lugano, Mzee Asajile. Mzee huyu ni rika langu. Zamani alikuwa hodari wa jembe na wa maneno, lakini miaka hii akili imeanza kumtoka. Majina ya wanawe wanne ameyasahau. Kitu asichosahau ni kutembea. Ikifika saa nne asubuhi anachukua fimbo yake na kuondoka, na hakuna anayejua anaelekea wapi, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Walimwekea kijana wa kumfuata, akamfukuza kwa fimbo akisema yeye si mbuzi. Wakamweka wa pili, naye akaondoka na jeraha la sikio.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Familia ile bado inashika mwiko wetu wa ukwe, ule wa Kinyakyusa wa zamani. Mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawashikani. Mzee akitokea njiani, Bupe anaingia migombani na kugeuza uso. Chakula anakipika yeye, lakini kinapelekwa na watoto au jirani. Mimi na wakwe zangu tunakula meza moja na kugombania paja la kuku, kwa hiyo msidhani natetea. Ila Bupe aliipokea heshima hiyo alipoolewa, miaka kumi na minne iliyopita, na hakuwa tayari kuivunja kwa sababu mwenzake ameugua. Aliniambia, "Baba, yeye amesahau kila kitu, lakini hilo hajasahau. Akiniona bado anageuka. Nikimshika mkono nitakuwa nimemvua nguo."

Basi mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, Mzee alikutwa amesimama katikati ya jaruba la mpunga, maji kiunoni, akiwa hajui atoke upande gani. Watoto wake wakubwa wa Mbeya walipopata habari wakasema imetosha. Waliagiza mlango wa chuma kwa fundi, ili Jumamosi ya wiki iliyofuata waje wamfungie chumbani, awe anatolewa jioni Lugano akiwepo. Lugano hakulala vizuri tangu siku hiyo. Kumfungia baba yake yule ilikuwa sawa na kumzika akiwa anapumua.

Ndipo akakutana na yule mama wa Kizungu wa Tukuyu, mteja wake wa mchele, aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Alikuwa na mbwa wawili wa mwaka mmoja na nusu, na alikuwa tayari kumpa Lugano mmoja bure. Mmoja tu, kwa kuwa wa pili alikuwa anasubiriwa na jamaa mwingine. Lugano aliomba akae nao wote wawili kwa siku chache kwanza. Nampongeza kwa hilo, maana ninyi mnanunua mbwa kwa dakika kumi na kuishi naye miaka kumi na miwili.

Nilipowaona nilisahau kusalimia. Wote wawili walikuwa wekundu wa kutu, nywele fupi kama zimepigwa pasi, miili mikavu ya wakimbiaji. Jike aliitwa Zuri, ni basenji, kabila la mbwa wa Kongo. Mkia umejikunja juu ya mgongo, masikio yamesimama, paji la uso limekunjamana utadhani anadai kodi. Habweki. Anaweza kuguna, anaweza kutoa sauti fulani ya kuimba inayochekesha, lakini kubweka kwenyewe hakumo. Anajilamba na kujisafisha kama paka, na anaingia joto mara moja kwa mwaka wakati wengine wanaingia mara mbili. Dume aliitwa Bruno, ni vizsla, jina ambalo ukilitamka unakuwa kama mtu anayepuliza uji wa moto. Hao wametoka Ulaya, walizalishwa kutembea na wawindaji kutwa nzima mashambani. Masikio yake yanalala, macho yana rangi ya mwili wake, na hakuna kitu anachokitaka duniani kama kumgusa mtu. Nilikaa kwenye kigoda, akaja kukaa juu ya viatu vyangu.

Nikaanza kuwapima. Niliwatazama saa saba mchana, jua likiwaka, kwa sababu jioni kila mbwa ni hodari. Wote walihema sawasawa, hakuna mwenye manyoya ya baridi. Nikainua midomo kuangalia fizi, nikapekua masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe. Kisha nikaangusha sufuria nyuma yao ghafla. Msimtazame mbwa anavyoshtuka, wote hushtuka. Mtazameni anavyorudi. Zuri aliruka hatua mbili, akaigeukia sufuria na kuinusa ndani. Bruno alijificha nyuma ya miguu yangu, kisha akachungulia, kisha akaiendea akitikisa mkia kuiomba radhi. Nilicheka mpaka Bupe akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

"Baba, umeshachagua?" akaniuliza.

"Nimeshachagua," nikasema. "Chukueni Zuri."

Nilikuwa na sababu zangu, na nilizipanga mbele yake kwa madaha. Zuri ni wa Afrika, joto letu analijua. Ni mdogo, hatamwangusha mzee. Ni msafi. Hana makelele ya kumuudhi mgonjwa. Yule Bruno, nikasema, ni mbwa wa kubembeleza, atatafuna viti akiachwa peke yake nusu saa. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Hapo ndipo bwana mifugo anapokuwa hatari, anaposema kweli tupu huku amesahau kuitazama nyumba.

Na nilikuwa nimeshafundishwa jambo hilo, tena kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini niliitwa Busale. Kulikuwa na mbwa wa mama mmoja mkulima wa kakao, anatetemeka, anatapika, anaanguka na kupiga mateke. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na kitabu changu kwenye begi. Nikasema kichaa cha mbwa, wote mkae mbali, na nikaamuru auawe, akauawa mchana ule. Mama yule alilia na watoto wake wakalia. Alasiri akapita Mzee Ambokile, mhudumu wa josho la ng'ombe, elimu yake darasa la nne, mtu aliyenifundisha kazi kuliko chuo. Akachukua kijiti na kupekua matapishi. Yalijaa mbegu za kakao. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kakao imevundikwa chini ya majani ya migomba, utamu wake unanukia mpaka barabarani, na mbwa alikuwa amejilia kutwa. Kakao ni sumu kwa mbwa, lakini wengine hupona wakiwahiwa. Mzee Ambokile hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana mifugo, umeuliza mbwa ana nini. Hukuuliza nyumba ina nini." Tangu siku hiyo kila mwenye kakao nilimwambia afunike kwa mbao na kuweka mawe juu, na nyie wenye kakao nawaambia hivyo hivyo leo.

Mambo mengi ya kazi yetu yamebadilika. Zamani tuliamini mbwa mzuri ni mkali, tunamfunga mchana kwenye kibanda chenye giza na kumlisha pilipili ili awe na hasira. Ulikuwa ujinga mtupu, tulikuwa tunatengeneza mbwa mwoga anayeng'ata watoto. Siku za chanjo watu walikuja uwanja wa shule na mbwa wamefungwa kamba za migomba shingoni, wengine wamewabeba begani kama magunia, na mimi nilijichoma kwa sindano zangu mwenyewe mara mbili. Siku hizi mnajua hata majina ya mbwa wa Ulaya. Lakini lile swali la Mzee Ambokile halijazeeka, na mimi nililisahau mbele ya mkia uliojikunja.

Zuri alianza zamu yake Jumatatu. Siku ya kwanza alimfuata Mzee mpaka kwenye duka na kurudi, vizuri kabisa, nikatamba. Jumanne nilikuwepo. Tulikuwa mimi na Bupe kwenye meza za kuanikia kakao, yeye anageuza mbegu, mimi nageuza maneno, nikimweleza jinsi wenzetu wa Kongo wanavyowinda na mbwa hawa wakiwavisha njuga shingoni. Mzee aliondoka saa nne, Zuri nyuma yake. Hatukusikia chochote. Nikamwambia Bupe, "Unaona utulivu huo? Mzee yuko salama."

Saa tano na nusu Zuri alirudi akiwa na panya mkubwa wa mashambani mdomoni, anatembea kwa maringo. Alikuwa peke yake.

Bupe alimtazama mbwa, kisha akanitazama mimi. Nilielewa wakati ule kwa nini wawindaji wanamvisha njuga, nilikuwa nimelieleza jambo hilo kwa kinywa changu na masikio yangu hayakusikia. Nyumba ile ilihitaji sauti. Bupe hawezi kumfuata mzee na kumtazama, anahitaji wa kumwambia yuko wapi. Mimi nilikuwa nimempa mbwa bubu mwenye mambo yake.

Tulitafuta pande zote, watu wa mashamba wakatusaidia. Alikutwa mtoni, ameketi ukingoni, miguu ndani ya maji, mahali ambapo akina mama wameacha kuchota kwa sababu ya mamba. Alikuwa ametulia kabisa, anaimba. Mimi nikakaa kwenye matope. Lugano alipopigiwa simu aliniambia, "Bwana mifugo, labda kaka zangu wako sahihi. Acha mlango uje."

Nikamwomba siku mbili. Nilimwomba kama mtu anayejiombea mwenyewe. "Mjaribu na huyu mwingine mpaka Alhamisi," nikasema. "Akishindwa, mimi mwenyewe nitashika msumari."

Bruno alikuwa na kasoro zote nilizozitaja. Jumatano asubuhi alitafuna kandambili yangu, ya kushoto tu, nadhani ilikuwa na ladha zaidi. Lakini Mzee alipotoka chumbani, mbwa yule alimwendea, akamwegemea mguuni, akainua uso. Mzee aliinua fimbo. Mbwa hakuondoka. Fimbo ikakaa juu muda, halafu ikashuka, na mkono ukafuata, ukatua kichwani kwa mbwa. "Na wewe unakwenda?" Mzee akamuuliza kwa Kinyakyusa. Yule aliyewafukuza vijana wawili akaondoka na mwenzake.

Vitabu vinasema mbwa wa aina hii anahitaji kutembezwa kwa muda wa saa mbili kila siku, na watu wengi wanamrudisha alikotoka kwa sababu hiyo. Nikawaza, tumepata kiumbe asiyechoka kutembea, na tunaye mzee ambaye hakuna awezaye kumzuia asitembee. Nilijipiga paji la uso. Kilichokuwa kasoro kwa nyumba nyingine, kwa nyumba ile kilikuwa ndicho hasa kilichokosekana. Jumatano nzima niliwafuata kwa mbali, goti langu bovu likilalamika. Mzee akisimama, mbwa anasimama. Mzee akiukaribia mfereji, mbwa anabweka na kumzunguka mbele. Sauti ile nzito ilifika mpaka nyumbani, na Bupe alijua kila walipo bila kuinua macho.

Usiku ule nilimtengenezea Bruno mkanda wa kifuani kutokana na mkanda wa kiti cha gari bovu, nikafunga na kamba ndefu. Mbwa anayevuta asifungwe shingoni, atajinyonga na atakohoa maisha yake yote. Mpitishieni mkanda kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, vidole viwili viweze kuingia katikati.

Alhamisi mvua ilinyesha alfajiri yote. Saa nne wakaondoka, kamba ikiburuzika nyuma. Saa tano tukasikia Bruno akibweka. Haikuwa ile sauti ya mfereji. Ilikuwa ya haraka, bila kupumzika. Bupe aliacha kakao akakimbia, mimi nikachechemea nyuma yake.

Mzee alikuwa kwenye jaruba, amezama mpaka magotini katika tope zito, fimbo imeanguka. Asingekuwa na mbwa angekuwa chali majini. Bruno alikuwa amejibana ubavuni mwake, naye Mzee ameushika ule mkanda mgongoni mwa mbwa kwa mikono yote miwili. Bupe akafika kwenye tuta, akasimama. Mzee alimwona. Na pale, katika tope, akiwa hajui hata siku, aligeuza uso wake pembeni kwa heshima.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya mfereji, goti limegoma. Nikapaza sauti, "Mshike tu, mwanangu, Mungu anaona."

Bupe hakumshika. Aliingia majini akienda kinyumenyume, amempa mzee mgongo, akipapasa kwa mkono mpaka akaipata ile kamba. Akaizungusha kiganjani. Akasema, "Bruno, twende," akavuta. Mbwa akavuta. Mzee akang'ang'ania mkanda, mguu mmoja ukatoka, ukafuata wa pili. Wakapanda kwenye tuta kwa mpangilio huo: mke wa mwana mbele akitazama mbele, mbwa katikati, baba mkwe nyuma. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Nilipiga makofi peke yangu shambani kama mwendawazimu.

Jioni ile Lugano aliwapigia simu kaka zake akawaambia fundi amuuzie mtu mwingine mlango, na Ijumaa Zuri akaenda kwa yule jamaa mwingine, ambaye ana stoo ya mpunga na panya wa kutosha, na wanapendana mno. Hayo Lugano anayajua na huyasimulia vizuri. Lakini yaliyosemwa juu ya tuta hakuyasikia, niliyasikia mimi, kwa kuwa walinipita karibu sana na walikuwa wamenisahau.

Walikuwa wamekwenda kama hatua hamsini kutoka jarubani, wamefika mkabala nami, Mzee aliposimama. Akainama kwenye sikio la mbwa.

"Wewe," akasema, "mwambie huyo aliye mbele apunguze mwendo. Miguu yangu ni ya zamani."

Bupe akasimama. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumwambia mzee yule neno hata moja.

"Bruno," akasema, bila kugeuka, "mwambie baba tunakwenda polepole. Hatuna haraka."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akafikiri kidogo, akainama tena. "Mwambie ndaga fijo, asante sana. Mwambie chakula chake huwa kinanifikia kikiwa cha moto."

Bupe alijifuta uso kwa upande wa khanga, akaikaza kamba, akaanza kutembea polepole.